Misumari ya mbao ya sitaha kwa meli za mfano: mwanzi, sindano ya cherehani na kipande cha msumeno

Sitaha48 (#1)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wanaojenga meli za mfano na wamefika kwenye sitaha. Hapa Dodoma usitegemee kulikuta dukani lile bamba la chuma lenye matundu ya kuvutia vijiti vya mbao mpaka viwe vyembamba kufaa kuwa misumari ya sitaha, na kuagiza nje ni pesa na kusubiri. Unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa vitu vya fundi cherehani, seremala na muuza mishikaki.

Tuanze na unene, maana hapo ndipo sitaha nyingi zinapoharibika kabla hata ya kuguswa. Msumari wa mbao wa meli halisi ulikuwa na kipenyo cha kama milimita 25 hadi 38, kutegemea ukubwa wa chombo. Gawanya kwa skeli yako, yaani mfano wako ni mdogo mara ngapi kuliko meli halisi. Kwenye 1:48 unapata kati ya 0.5 na 0.8, na kwenye 1:64 ni kama 0.4 hadi 0.6. Kijiti cha kuchokolea meno chenye milimita 2, ukikipigilia kilivyo kwenye 1:48, umeweka nguzo ya karibu sentimita 10 kwenye sitaha. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini ataona chombo kimekuwa kidogo kama mwanasesere.

Mbao ya kutumia ni mwanzi. Nyuzi zake zinakwenda sambamba kutoka fundo hadi fundo, hazina jicho wala hazikati kona. Mbao nyingine ukizifikisha milimita 0.7 zinakatika pale nyuzi zinapotokea ubavuni mwa kijiti. Vijiti vya mishikaki vya pakiti, vile vya milimita 3, vinafaa ukivichagua: kunja kila kimoja kama upinde, kinachopinda sawasawa kiweke, chenye kona kirudishe jikoni. Ukipata mwanzi mzima kutoka Iringa au Njombe, bora zaidi. Kata pingili isiyo na fundo, urefu wa sentimita 20 hadi 25, kwangua lile ganda la nje linaloteleza kwa sababu halishiki gundi na linaua makali, kisha tumia milimita 2 au 3 zilizo chini yake tu. Sehemu ya ndani ni laini kama sifongo, itupe.

Bamba: chukua kipande cha msumeno wa mkono wa mbao uliochakaa, kama sentimita 3 kwa 10. Kiweke kwenye jiko la mkaa mpaka kiwe chekundu chote, kifukie kwenye majivu ya moto na ukiache humo mpaka kesho yake. Kikipoa haraka kinabaki kigumu na biti zitakatika. Kisafishe kwa msasa, tia alama kwa ncha ya msumari wa zege kila milimita 8, kisha toboa.

Biti ndogo ndizo zinazosumbua, na hapa ndipo fundi cherehani anapotuokoa. Sindano za mashine zina namba mbili, kwa mfano 90/14. Hiyo 90 ni unene kwa sehemu za mia za milimita, yaani 0.90. Namba 18 ni 1.10, namba 16 ni 1.00, 14 ni 0.90, 12 ni 0.80, 11 ni 0.75 na 9 ni 0.65. Huo tayari ni mfululizo wa matundu unaoutaka. Vunja sindano juu ya jicho, noa ncha kwenye jiwe la mafuta pande mbili iwe bapa kama beleshi, kisha mpe kila ubavu mwinuko mdogo ili ncha iwe pembe butu. Mguu wa sindano unakaa vizuri kwenye drili ya mkono. Zungusha polepole kwa tone la mafuta ya cherehani, na usiruhusu sindano ichomoze zaidi ya milimita 5 au 6 kutoka kwenye taya za drili. Inakatika kwa kupinda, siyo kwa kuzunguka.

Ukimaliza kutoboa, laza bamba kwenye jiwe na ulisugue upande mmoja mpaka ukingo wa kila tundu ukwangue ukucha. Upande wa pili panua kila tundu kwa biti ya milimita 3 unayoizungusha kwa vidole, ubakize kama milimita 0.3 tu ya ukuta wa tundu. Kijiti kinaingilia upande wenye makali na kutokea upande uliopanuliwa. Ukigeuza, bamba halikati bali linabana. Mwanzi uliobanwa utakaa kimya mpaka unywe maji ya gundi, ndipo uvimbe na kupasua ubao wa sitaha.

Keekee_Kizota (#2)

Mkuu umeeleza vizuri. Niongeze kuhusu chuma, kwa sababu watu wataona "msumeno" na kuchukua ule wa kukatia nondo. Huo una aina mbili au tatu. Ule unaopindika bila kuvunjika una meno magumu tu, mgongo wake unaweza kutoboka. Ule unaovunjika kama biskuti ni chuma cha kasi (kile cha kutengenezea biti) kizima kizima, na jiko la mkaa halitaulainisha hata ukiulaza usiku tatu. Kwa hiyo kabla ya kupoteza sindano, banua kona yake. Ikivunjika, weka pembeni.

Njia nyingine kwa asiye na drili: bati nene la kopo, weka juu ya kichwa cha gogo gumu, piga sindano kwa nyundo mpaka itokee upande wa pili, kisha futa kwa tupa lile ua la chuma lililochomoza. Tundu linakuwa jembamba upande ulipofuta, na huo ndio wenye makali. Kijiti kiingie hapo. Bati ni laini, litakubali vijiti kadhaa halafu makali yanalala, lakini tundu jipya ni pigo moja la nyundo. Kwa sitaha ndogo inatosha kabisa.

Pingili (#3)

Naomba nisisitize kitu ambacho #1 amekigusia tu. Bamba halitengenezi kijiti, linamalizia. Umbo linatoka kwenye kisu.

Hesabu yake ni hii. Tundu la kwanza ni 1.10. Ukipasua mwanzi kuwa mraba wa milimita 0.9, mshazari wake ni 1.27, kwa hiyo tundu la 1.10 linakata kona nne peke yake, na kila kona ni nyembamba kiasi kwamba haisumbui. Ukipeleka kipande cha milimita 1.3 kwa 1.0 kwenye tundu hilohilo, unalazimisha bamba lifanye kazi ya kisu, na kijiti kinakatika mkononi. Watu wanalaumu bamba.

Kupasua ni kupasua, siyo kusaga wala kukata kwa msumeno. Weka kisu kichwani katikati ya kipande, gonga kidogo, kisha sokota kisu ili ufa ukimbie wenyewe. Kila mara gawa nusu kwa nusu. Ukijaribu kubandua robo kutoka kwenye robo tatu, ufa unahamia upande mwembamba na unapotea njiani. Kijiti cha mshikaki cha milimita 3 kinatoa vipande vinne vizuri, ambavyo unavipunguza kwa kuvivuta chini ya kisu kilichosimama wima, kidole gumba kikiwa juu kama pasi.

Kisha chonga ncha ya sentimita 2 tu. Ncha ndefu inakatikia kwenye koleo. Bana bamba kwenye jiliwa, shika ncha kwa koleo bapa karibu kabisa na bamba, vuta kwa mkono mmoja mfululizo bila kusita. Ukisimama katikati, kijiti kinapata pete. Pitisha mara mbili au tatu tundu lilelile, kila mara ukigeuza robo mzunguko, ndipo uhamie linalofuata. Na daima kichwa kilekile kitangulie. Ukigeuza kichwa na mkia, nyuzi zinasimama kama manyoya na hakuna msasa utakaozirudisha.

Kwa asiye na kalipa (kipimio cha unene): panga vijiti 20 bega kwa bega kwenye meza, vibane kwa vipande viwili vya mbao, pima kwa rula. Vikifika milimita 13, kila kimoja ni 0.65.

Veyula_Mbao (#4)

Shukrani wakuu. Maswali mawili. Huku kwetu mashina ya mzabibu yanakatwa kila msimu na kutupwa, je, hayafai? Na mpingo? Nilidhani msumari mweusi ungeonekana vizuri juu ya mbao nyeupe.

Sitaha48 (#5)

Mzabibu haufai, mdau. Tawi la mwaka lina kiini kikubwa laini katikati, na mbao inayokizunguka imejaa mirija mipana ya kupandishia maji, mingine unaiona kwa macho. Mrija mmoja tu kwenye kijiti cha milimita 0.6 umekula sehemu kubwa ya unene wake. Kitakatika kabla hakijafika tundu la tatu.

Mpingo ni mgumu na laini wa uso, lakini haupasuki kwa kufuata mstari mrefu kama mwanzi. Ukipita milimita 1 kwenda chini unavunjika vipandevipande. Na hata ungekubali, weusi ndio kosa. Mafundi wa Uingereza walitumia mwaloni kwenye meli za mwaloni, Wamarekani walipenda mrobinia (mti wa kwao wenye mbao ngumu), na kwenye sitaha kichwa cha kifungio mara nyingi kilifunikwa kwa kizibo cha mbao ileile ya ubao, nyuzi zikielekezwa upande mmoja na za ubao. Ukisimama mita chache huvioni. Madoa meusi elfu moja ni urembo wa mjengaji, siyo wa meli. Kichwa cha mwanzi kikipata mafuta kinakoza rangi kidogo tu kuliko ubao, na hicho ndicho kipimo sahihi.

Darumeti (#6)

Mimi naona mnajichosha. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua sindano mpya za kuchomea. Kata mshazari wa ncha kwa tupa iwe bapa, noa ukingo kutoka nje kwa jiwe, una kisu cha duara. Namba 18 ina tundu la ndani la kama 0.84, namba 19 kama 0.69, namba 20 ni 0.60, namba 21 kama 0.51, namba 22 ni 0.41. Bana sindano kwenye drili, ingiza kipande cha mwanzi kilichochongwa, unapata msumari ndani ya sekunde. Hakuna jiko la mkaa wala majivu.

Pingili (#7)

Namba zako ni sahihi kwa sindano za ukuta wa kawaida. Zipo za ukuta mwembamba ambazo tundu la ndani ni kubwa zaidi kwa namba ileile, kwa hiyo jaribu kwanza kwa sindano ya cherehani unayoijua unene.

Tatizo la njia hii ni takataka. Kwenye bamba, kinachokatwa kinaanguka nje. Kwenye sindano, sehemu ya kijiti inayoingia inabaki ndani ya bomba, na baada ya sentimita 1 au 2 msuguano unaifunga. Unaisukuma kwa waya, unaanza tena. Kwa misumari 50 ya kurekebisha sehemu iliyosahaulika ni njia nzuri sana. Kwa 1,000 haifai. Pia ukuta wa sindano ni mwembamba na chuma chake si kigumu, makali yanakunjika ukikutana na ganda la mwanzi.

Ila ina kazi moja inayoifanya kuliko kifaa chochote: kwenye skeli ndogo, 1:96 kwa mfano, ambako msumari halisi ungekuwa milimita 0.3 hadi 0.4, bonyeza sindano namba 23 iliyonolewa kwenye ubao na uzungushe robo. Inaacha pete ndogo, na pete inashika rangi ya mafuta zaidi ya ubao unaoizunguka. Hapo huhitaji msumari wowote. Sindano iwe mpya daima, iliyotumika isiingie kwenye karakana.

Darumeti (#8)

Sawa, hilo la pete nalikubali. Na la kujaza ndani pia ni kweli, nilikuwa nafikiria sitaha ndogo.

Keekee_Kizota (#9)

Tuweke na hesabu ya wingi, watu wanaanza bila kujua kiasi cha vijiti.

Chukua sitaha ya sentimita 50 kwa 12, skeli 1:48, mbao za upana wa milimita 5. Hiyo ni mistari 24 ya mbao. Boriti za chini weka kila milimita 25, yaani 20. Kila ubao unapovuka boriti unapata misumari miwili, iliyopishana kidogo ili isikae kwenye uzi mmoja wa mbao na kuupasua. 24 mara 20 mara 2 ni 960. Viungo vya vichwa: ubao halisi wa mita 7 unakuwa kama sentimita 15, kwa hiyo weka viungo 3 kwa kila mstari, 72 kwa jumla. Kwenye kiungo kila kichwa kinahitaji misumari yake miwili, nyongeza ni 2 kwa kiungo, yaani 144. Jumla 1,104. Ongeza moja ya tano kwa itakayopotea na kukatika, tufanye 1,320.

Kila msumari unakula milimita 5 za kijiti. Hiyo ni mita 6.6. Kijiti cha sentimita 20 ukitoa ncha na mkia kinabaki sentimita 16 safi, kwa hiyo vijiti 42 vilivyokamilika. Pasua 60, maana vingine vitakufa kwenye tundu la 0.75. Hapo ndipo vinapokufa vingi, hasa kama makali yamelala. Kabla ya kulaumu mwanzi, sugua uso wa bamba kwenye jiwe mara kumi na ujaribu tena.

Viungo visikutane kwenye boriti moja kwa mbao zinazoshikana. Acha angalau mbao tatu nzima kati ya kiungo na kiungo kwenye boriti ileile.

Veyula_Mbao (#10)

Na kupigilia je? Mimi kila nikitia gundi, msumari unagoma katikati ya tundu.

Sitaha48 (#11)

Unagoma kwa sababu gundi nyeupe ya mbao ina maji na mwanzi mkavu unayanywa mara moja. Una sekunde chache tu kabla haujavimba. Kwa hiyo usitie gundi kwenye tundu, wala usichovye misumari kumi kwa pamoja. Kata mshazari kwenye ncha ya kijiti kizima, gusa gundi kwa milimita 2 za mwisho, ingiza mpaka ugonge chini, kata kwa koleo ya kukatia ya mafundi simu ukiacha milimita 1 juu, chonga ncha mpya, endelea. Kijiti kirefu ndicho mpini wako, usikikate vipande mapema.

Tundu kwanza lichomwe kwa sindano ya kushonea ili biti isitambae, kisha toboa kwa unene uleule wa kijiti, kupita ubao na kuingia kama milimita 2 kwenye boriti. Mstari wa matundu upate kwa uzi uliovutwa juu ya katikati ya boriti, mbao kwa mbao, kwa sababu jicho linaona msumari uliohama hata nusu milimita.

Kwa hali ya hewa ya Dodoma, gundi kwenye kifuniko inapata ngozi upesi wakati wa kiangazi. Toa tone dogo, badilisha mara kwa mara. Gundi ya chapchapo ile ya chupa ndogo usiitumie: inanyweka kwenye nyuzi za kichwa, na pale ilipofika mafuta hayaingii. Utabaki na madoa mepesi ambayo hayatoki. Vivyo hivyo nta. Wapo wanaopaka kijiti nta ya nyuki ili kiteleze kwenye bamba. Kinateleza kweli, na kwenye tundu la sitaha kinateleza pia, gundi haishiki.

Mtepe_wa_Bara (#12)

Wakuu, kwa heshima, wanaosoma hapa wengine watakuwa wanajenga vyombo vya pwani yetu, na humo kuna tofauti kubwa. Jahazi hufungwa kwa misumari ya chuma. Fundi hutoboa kwanza kwa keekee, kisha msumari hupigwa ukiwa umezungushiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipite. Ukiijaza jahazi misumari ya mwanzi umejenga chombo cha nchi nyingine. Hapo doa dogo jeusi la chuma ndilo la kweli.

Mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba, ni habari nyingine. Haukuwa na chuma mwilini. Mbao zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, vijiti vya mbao vikashika ubao na ubao kupitia kingo zake, na matundu ya kushonea yakazibwa. Uliojengwa upya mwaka 2003 na kuwekwa Beit al-Ajaib, Zanzibar, ulifuata ushonaji huo. Kwa mfano wa mtepe, vijiti vya mwanzi vya uzi huu vinakaa ndani ya ukingo ambako hakuna atakayeviona, na vingine vinaziba tundu la mshono. Hapo kijiti kiwe na mkonde kidogo, siyo sawa mwanzo mwisho kama wa sitaha.

Sitaha48 (#13)

Asante sana mkuu, hilo lilipaswa kuwa kwenye #1. Niseme wazi basi: yote niliyoandika ni ya meli za mbao za Ulaya na Marekani.

Veyula_Mbao (#14)

La mwisho. Sitaha yangu niliipanga Machi, sasa ni Septemba na nyufa zimefunguka kati ya mbao. Misumari mingine imechomoza kama nywele. Nisugueje?

Pingili (#15)

Mbao za Machi zilikuwa na unyevu wa masika, Septemba zimekauka na kusinyaa kwa upana. Mwanzi hausinyai kwa urefu, lakini ubao umepungua unene, ndiyo maana vichwa vinaonekana kuinuka. Havijang'oka. Usivigonge kwa nyundo, utapasua ubao.

Kwangua kwa wembe mpya au kipande cha kioo kilichosimama wima, kwa kufuata urefu wa mbao. Usitumie msasa kama kalafati yako (kile kinachojaza nafasi kati ya mbao) ni karatasi nyeusi au uzi mweusi, kwa sababu msasa unasaga weusi na kuusambaza kwenye vinyweleo vya ubao mweupe, na vumbi la huku likiongezeka ndani yake, sitaha inakuwa ya kijivu. Baada ya kukwangua, futa kwa brashi kavu, kisha paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kwa kitambaa, tabaka jembamba, na ufute yanayobaki baada ya dakika 15. Kitambaa chenye linsidi kitandaze nje kikauke, kisikunjwe ndani ya karakana, kinajiwasha moto chenyewe.

Nyufa za chini ya nusu milimita ziache. Mvua zikianza Desemba zitajifunga, na ukizijaza sasa, mbao zitakosa pa kwenda zitakapovimba. Kwa sitaha ijayo, weka mbao na vijiti vikae pamoja chumba kimoja wiki mbili kabla ya kuanza, na kama unaweza kuchagua, panga sitaha Julai hadi Oktoba.